Farasi Kijana Akikushinda Nje ya Lango: Dalili, Vyanzo na la Kufanya

Nyumbani ni mpole kupita kondoo. Anazunguka uwanjani bila neno, anasimama ukimwambia asimame, na mtoto wa darasa la nne anaweza kumpeleka kunywa maji. Kisha siku moja unamtoa nje ya lango la shamba, hatua arobaini tu kwenye barabara ya changarawe, na aliye chini yako si yule uliyemlisha asubuhi. Shingo imesimama kama mlingoti, pua zinapuliza kama mvukuto wa mhunzi, na wewe unapima kwa macho umbali wa kurudi.

Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, upande wa Nanyuki nchini Kenya kwa miaka mingi, na maswali ya vijana wanaoanza kazi hii hayabadiliki: anagoma langoni, anashtukia pikipiki, anarusha kichwa, anakimbilia nyumbani. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotangulia ndicho ninachokikuta mara nyingi, na cha mwisho ndicho adimu. Anza na kile unachoweza kukikagua kwa mkono wako mwenyewe bila gharama. Pale nilipoandika ushuke, shuka. Pale nilipoandika umwite daktari wa mifugo, usianze kumtafuta jirani mwenye sindano ya ng'ombe.

Ninayemzungumzia ni farasi wa miaka 3 hadi 5 aliyekwisha kuzoea tandiko na mpandaji uwanjani. Awe anajua mambo matatu: kusimama, kurudi nyuma hatua tano, na kusogeza nyonga pembeni ukimgusa kwa mguu mmoja. Hilo la tatu wengi hulidharau, nalo ndilo breki yako barabarani. Kama hajalijua, lango libaki limefungwa kwanza.

Dakika kumi za bandani

Matatizo mengi ya barabarani hayakuanzia barabarani. Kabla ya kutandika, pima joto akiwa bado ametulia. Kawaida yake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Likizidi hapo na hajafanya kazi yoyote, hakuna safari. Huku kwetu homa ya asubuhi inaweza kuwa homa ya kupe, au ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, na yote mawili hayataki mpandaji mgongoni.

Hesabu mapigo ya moyo. Tafuta mshipa unaopita chini ya ukingo wa taya, uubane taratibu kwa vidole viwili, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Andika namba ya farasi wako ukutani kwa chaki kila siku. Siku ukiona 56 mahali palipokuwa na 36 wiki nzima, kuna jambo, hata kama anakula vizuri.

Inua kwato zote nne. Pitisha kiganja mgongoni kuanzia mabegani hadi kiunoni, ukibonyeza kidogo. Akiinama au akipeperusha mkia kwa hasira, simama hapo. Geuza blanketi ya tandiko upande wa ndani na uipapase yote. Mwiba wa mgunga una rangi ile ile ya blanketi chafu. Macho hayatauona, kiganja kitauona.

Wewe mwenyewe: kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, buti zenye kisigino, na simu mwilini mwako. Usiitie kwenye mfuko wa tandiko. Farasi akikuangusha akaondoka, simu nayo imeondoka.

Dalili ya 1: Anagoma kutoka langoni

Hii ndiyo malalamiko namba moja, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Wapo watakaokwambia samaki mkunje angali mbichi, mchape sasa kabla hajakua. Samaki huyu ana kilo mia nne, na akikunjika vibaya atakukunja wewe.

Vyanzo, kwa mpangilio:
1. Anaacha wenzake. Farasi ni mnyama wa kundi; peke yake barabarani anajiona chakula cha simba.
2. Amejifunza kwamba nje ni jasho na ndani ni ndoo ya chakula.
3. Mpandaji anambana mdomo kwa hatamu huku anampiga visigino. Anaambiwa nenda na simama kwa pamoja, basi anachagua kusimama.
4. Anaumwa mgongo, kwato au mdomo.

Ili kujua ni kipi, mimi hufanya jaribio la siku tatu. Siku ya kwanza mtoe kwa kamba, bila tandiko, ukitembea kando ya bega lake. Akitoka vizuri, mahali si tatizo. Siku ya pili mtoe vivyo hivyo akiwa ametandikwa lakini hakuna mtu juu. Akigoma siku hiyo, tatizo liko kwenye tandiko au mgongoni. Siku ya tatu mpande. Akigoma siku ya tatu tu, samahani, tatizo ni uzito wako, mikono yako au hofu yako. Jaribio hili limeniaibisha mara mbili mbele ya watu, kwa hiyo ninaliamini.

Kulikuwa na farasi jike mwekundu, tukimwita Asali. Uwanjani hakuwa na kasoro. Langoni alisimama kama amepigiliwa misumari, siku sita mfululizo, mahali pale pale, penye jiwe lililopakwa chokaa. Tukasema anaogopa jiwe. Tukaliondoa, akagoma kwenye shimo la jiwe. Siku ya saba nilimvua tandiko hapo hapo nikaona jasho lake: mgongo wote umelowa, ila juu ya bega la kushoto pana duara kavu, kubwa kama kiganja. Sehemu kavu katikati ya jasho mara nyingi maana yake ngozi imebanwa mno hadi imeshindwa kutoa jasho. Lango letu liko kwenye mteremko. Uwanjani ni tambarare, tandiko lilikaa mahali pake. Kwenye mteremko liliteleza mbele likambana bega. Asali alikuwa akituambia kwa siku sita, sisi tunahamisha mawe.

La kufanya, ukishaondoa maumivu kwenye orodha: mtoe akiwa nyuma ya farasi mzee asiyejali kitu. Siku mbili tatu mzee atangulie, kisha waende sambamba, kisha kijana atangulie hatua kumi na mzee afuate. Ukiwa huna farasi mzee, tembea naye kwa miguu. Wewe ndiye mwenzake. Toka hatua kumi, simama, mwache ale nyasi kidogo, rudi kabla hajaomba kurudi. Kesho ishirini. Na ukirudi, usimvue tandiko langoni wala usimpe ndoo papo hapo. Mpe mizunguko michache ya kazi nyepesi ndani, ili nje na ndani vifanane.

Akijaribu kugeuka kurudi, tazama amegeukia upande gani. Akizunguka kwa kushoto, mrudishe kwa kulia, njia ile ile aliyojia. Ukimwacha amalize mzunguko, umemfundisha kuwa mzunguko unalipa.

ACHA: akianza kuinua miguu ya mbele kutoka ardhini, hata kidogo. Soma dalili ya 6 kwanza.

Dalili ya 2: Anashtuka na kuruka kando

Kwanza jua anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji, chini ya pua na nyuma ya mkia. Kutazama kitu vizuri humlazimu kuinua au kushusha kichwa. Kwa hiyo ukishtuka ukavuta hatamu fupi, umemfunga macho wakati anayahitaji zaidi. Tena macho yake huchelewa kuzoea anapotoka kwenye mwanga mkali kuingia kivulini. Kivuli cheusi cha mti barabarani saa sita mchana, kwake huenda ni shimo.

Vyanzo, kwa mpangilio: kitu kipya, kitu kinachokuja kutoka nyuma, mpandaji aliyejikaza kabla farasi hajaona lolote, nafaka nyingi na kazi kidogo, na mwisho kabisa, jicho bovu.

Nafaka nianze nayo kwa sababu ni rahisi. Farasi kijana anayefanya kazi nusu saa kwa siku hahitaji ndoo mbili za oti. Nyasi nzuri ndizo msingi. Punguza nafaka siku asizofanya kazi, umwache nje kondeni muda mrefu zaidi, kisha subiri wiki moja kabla ya kumpa jina baya.

Bodaboda. Hapa ndipo watu huumia. Pikipiki tupu si tatizo kubwa. Tatizo ni pikipiki iliyobeba godoro la futi nne kwa sita, plastiki yake ikipiga makofi, ikija kutoka nyuma. Niliwahi kumwendea kijana wa stendi yetu nikamwambia, "Bwana mdogo, nikununulie chai na mandazi, uniletee pikipiki shambani saa tisa." Alicheka, lakini alikuja, na godoro akalikodi kwa mwenzake. Tuliiacha imezimwa katikati ya uwanja, farasi akaizunguka, akainusa tangi. Kisha tukaiwasha, farasi akiwa mbali. Kisha kijana akaendesha polepole akienda zake, na farasi akifuata kwa nyuma. Siri yote iko hapo kwenye kufuata. Kitu kinachokujia ni adui. Kitu kinachokukimbia kinakupa ushujaa. Robo saa baadaye farasi alikuwa anataka kuuma godoro. Siku tatu za hivyo, na kijana yule tangu hapo akituona barabarani hupunguza mwendo na kuwaambia wenzake wapunguze.

Barabarani huku tunakaa kushoto, upande mmoja na magari. Kitu kikija kutoka nyuma, tafuta mahali papana, mgeuze farasi akitazame kikija, nyonga zikiwa mbali na njia. Inua mkono umwombe dereva apunguze, na akipita mshukuru, hata kama hakupunguza. Kesho utakutana naye tena.

Mabanda ya plastiki ya kulimia maua, mabomba ya kunyunyizia ngano, madimbwi, makalvati: usimsukume akanyage. Simama mahali anapoweza kusimama bila kutetemeka, hata ikiwa ni mita hamsini. Legeza hatamu. Ngoja ashushe kichwa, atafune mate au apige pumzi ndefu. Songa hatua tatu. Simama tena. Ukipata mita ishirini siku hiyo, rudi nyumbani umeshinda.

Wanyama wa porini ni habari nyingine. Punda milia humchanganya farasi kijana: ana umbo la ndugu na harufu ya mgeni, wengine hutaka kujiunga nao, wengine hutaka kukimbia hadi mji wa Isiolo. Ngamia huogopewa zaidi kwa harufu kuliko kwa sura, kwa hiyo angalia upepo unatoka wapi. Kwa wote wawili, simama mbali na umwache atazame. Kwa ndovu hakuna mafunzo. Ukiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, geuza kimya kimya kabla hujawaona wenyewe.

MWITE DAKTARI: akishtuka kila mara upande mmoja tu, au jicho likitoa machozi, likifumba, likiwa na ukungu wa buluu au mweupe. Jicho la farasi haliwekewi ahadi ya kesho. Siku hiyo hiyo.

Dalili ya 3: Anarusha kichwa au anapambana na lijamu (chuma cha mdomoni)

Kwanza tazama mikono yako, kisha mdomo wake. Mikono inayocheza juu na chini kila hatua ndiyo chanzo cha kwanza. Jaribu kushika hatamu pamoja na manyoya ya shingo kwa dakika tano. Kichwa kikitulia, umepata jibu bila daktari.

Cha pili ni meno. Farasi wa umri huu yuko kwenye zahama ya kubadilisha meno: ya mbele hung'oka jozi kwa jozi akiwa na karibu miaka miwili na nusu, mitatu na nusu, na minne na nusu, na magego ya mbele nayo hubadilika katikati ya miaka hiyo hiyo. Wengine wana jino dogo lililochomoza mbele ya magego, mahali pale pale lijamu linapokaa. Dalili zake: anadondosha chakula kilichotafunwa nusu, anakula kwa upande mmoja, mdomo unanuka, anageuka vizuri kulia lakini kushoto anapinga. Mwite daktari apitishe mkono mdomoni. Wiki chache za kufanya kazi kwa kamba bila lijamu hazijamharibu farasi yeyote niliyemjua.

Cha tatu, na hiki husahaulika: kupe masikioni. Vua kamba za kichwa, geuza sikio kwenye mwanga. Mara nyingi anayepinga kuvalishwa kichwani anawalinda wapangaji wake.

Mengine ni nzi, lijamu pana au jembamba kuliko mdomo, na mkanda wa paji unaobana mizizi ya masikio. Akirusha kichwa kwa mshtuko, kana kwamba nyuki amemchoma puani, hata akiwa malishoni bila kitu kichwani, hilo si la saisi. Ni la daktari.

Dalili ya 4: Anaenda vizuri, kurudi anakimbia

Chanzo ni kimoja karibu siku zote: mlimfundisha ninyi. Kila safari iliishia kwa shoti (mbio za kasi) ya kufurahia nyumbani, au mlienda na kurudi kwa njia ile ile, na mwisho wake ndoo. Badilisha. Tembea kilomita ya mwisho polepole, au shuka umwongoze kwa miguu. Mara nyingine fika langoni, lipite, endelea mita mia mbili, ndipo urudi. Fanya mzunguko badala ya kwenda na kurudi.

Akiongeza mwendo bila ruhusa, usining'inie kwenye hatamu mbili. Akivutwa bila kuachiwa, hupata kitu cha kuegemea. Vuta, achia, vuta, achia. Akiwa bado kwenye telki, yaani mbio ndogo, pinda kichwa chake upande mmoja na usogeze nyonga, ile breki niliyoitaja mwanzo. Lakini akishaingia shoti kamili, usimpinde ghafla. Atajikwaa na kuanguka nawe. Mpeleke kwenye duara pana kama pana nafasi, au kwenye mlima. Mlima ni rafiki. Waya za seng'enge si rafiki, na farasi anayekimbia hazioni hadi ziko kifuani.

ACHA: akitoroka nawe mara mbili, mara ya tatu asipandwe nje na mtu wa shambani. Tafuta mkufunzi.

Dalili ya 5: Anapinda mgongo na kurusha

Kabla ya kumlaumu, maliza orodha hii: mkanda wa tumbo umekazwa kwa mara moja badala ya awamu tatu, ngozi imekunjwa chini ya mkanda, tandiko lilikaa vizuri miezi mitatu iliyopita, lakini farasi kijana hubadilika umbo kila msimu, na la mwaka jana halimtoshi; na mwisho, uzito. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 80 kwa farasi wa kilo 400. Kwa kijana mimi huenda chini ya hapo, kwa sababu mifupa ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho kukomaa, na baadhi yake haijafunga hadi anapokaribia miaka sita. Bwana mkubwa mwenye kilo 95 ampande yule mzee.

Ukiyamaliza hayo yote na bado anaruka, mfanyishe mizunguko ya kamba, akikuzunguka wewe umesimama katikati, kwa dakika kumi kabla ya kutoka, akiwa ametandikwa. Akiruka huko bila mtu, afadhali. Akiwa chini yako, inua kichwa chake na umsukume mbele. Farasi hurusha vizuri akiwa amesimama na kichwa kiko chini.

MWITE DAKTARI: mruko ulioanza ghafla kwa farasi ambaye hakuwahi, hasa ukiambatana na kukataa kuinua mguu wa nyuma au kuuma hewa unapofunga mkanda.

Dalili ya 6: Anasimama kwa miguu ya nyuma

Fupi: shuka, na usimpande tena nje mpaka mtu aliyezoea kazi hii amwone. Farasi anayesimama hivyo anaweza kuanguka chali, nawe uko chini. Akiinuka ukiwa juu, egemea mbele, shika shingo, achia hatamu kabisa. Usivute. Akitua, msukume mbele upande mmoja, kisha shuka. Halafu anza na mdomo na mgongo, kwa sababu wengi wanaofika hapa wamekwisha kujaribu njia zote nyingine za kusema inauma.

Dalili ya 7: Anachechemea au anajikwaa

Shuka. Inua mguu. Mara nyingi ni jiwe la changarawe lililobanwa kwenye kwato. Litoe kwa kichokonoo, mtembeze hatua ishirini. Akitembea sawa, rudi nyumbani kwa mwendo wa polepole.

Hakuna jiwe? Weka kiganja kwenye kwato zote nne ulinganishe joto. Bonyeza nyuma ya kifundo, pande zote mbili, usikie mapigo. Kwato yenye moto na mapigo yanayogonga kama mlango ina tatizo ndani. Kifundo au mshipa wa nyuma ya mguu ukivimba, mwagia maji baridi dakika ishirini na usimtembeze zaidi ya lazima. Kujikwaa bila maumivu mara nyingi ni kwato zilizorefuka: fundi wa kwato aje kila wiki sita hadi nane, hata kwa asiyevaa viatu.

Msumari ukiwa umezama kwenye kwato, usiung'oe kwa furaha. Daktari akiukuta mahali pake anaweza kupiga picha ya eksirei na kujua umefika wapi. Funga kitambaa kinene kuuzunguka usizame zaidi, na umwite papo hapo. Ikibidi uutoe kwa sababu kila hatua inauzamisha, piga picha kwa simu kwanza, weka alama kwenye tundu, na utunze msumari wenyewe. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Farasi huupata ugonjwa huo kwa urahisi mno.

Dalili ya 8: Jasho lisiloisha, uchovu, misuli migumu

Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Farasi aliyeletwa juzi kutoka pwani au bondeni atahema kwa kazi ndogo. Mpe wiki kadhaa.

Kwa mwenyeji, hesabu mapigo mara unaposhuka, kisha baada ya dakika ishirini kivulini. Kwenye mashindano ya safari ndefu, kipimo kinachotumika sana ni mapigo 64 kwa dakika baada ya mapumziko mafupi. Kijana aliyetembea saa moja tu anatakiwa ashuke chini ya hapo bila shida. Asiposhuka, ulimzidishia, au ni mgonjwa. Bonyeza fizi kwa kidole: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Mpe maji, hakuna haja ya kumnyima eti ana joto. Mwagie maji mwili mzima, tena na tena.

Tatu za kutambua upesi:

Misuli kukaza. Jana alipumzika akala nafaka yote, leo katikati ya safari nyonga zinakuwa ngumu kama ubao, jasho jingi, hataki hatua, mkojo wa rangi ya kahawa. USIMTEMBEZE hata hatua kumi "anyooke". Mfunike mgongo, mwite daktari hapo alipo, tafuta lori.

Homa ya kupe. Mvivu, fizi nyeupe au za manjano, homa. Hatibiwi kwa mjeledi.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika. Homa, vishimo vya juu ya macho vinajaa na kuvimba, kupumua kwa shida, povu puani. Huua haraka. Usubi unaoueneza hufanya kazi kuanzia machweo hadi alfajiri, kwa hiyo panga safari zako uwe umerudi na farasi yuko bandani kabla jua halijazama, hasa baada ya mvua. Chanjo ni ya kila mwaka. Baada ya kuchanja, heshimu siku za kupumzika atakazokutajia daktari. Ukiushuku, ofisi ya mifugo ijulishwe pia.

Unapopiga simu

Daktari aliye kilomita arobaini anahitaji namba, maneno baadaye: joto, mapigo, pumzi kwa dakika, rangi ya fizi, mara ya mwisho kunya na kukojoa, alichokula, na dawa yoyote uliyokwisha kumpa, hata kama uliambiwa usimpe. Mtumie picha ya mguu au jicho na mahali ulipo. Usimpe dawa ya maumivu kabla ya kuongea naye, maana itaficha anachokuja kukitafuta. Kisha mtume mtu mmoja mwenye tochi akasimame pale njia ya shamba inapochepuka, kwa sababu usiku njia zote za huku zinafanana.